Kijiji Kilichoandikwa Kwa Baba Mkwe

Mwanamke wa Kisotho halitaji jina la baba mkwe wake. Halitaji kwa sauti wala kwa kunong'ona, na neno lolote linalofanana na jina hilo analikwepa kama unavyokwepa samadi mbichi njiani. 'Malikopo alipoolewa alimkuta baba mkwe anaitwa Selepe. Selepe ni shoka. Basi kuanzia siku ya harusi shoka likawa "kile cha kuni", na hajakosea hata mara moja, hata siku lilipomwangukia mguuni. Alipiga ukelele, "Kile cha kuni kimenikata!" Majirani wakaja mbio, wakacheka kwanza, ndipo wakamfunga kitambaa.

Shoka lingekuwa peke yake isingekuwa kazi. Lakini babu wa mzee huyo, ambaye naye alikuwa Selepe, ndiye aliyeanzisha kijiji, kwa hiyo kijiji kinaitwa Ha Selepe, yaani Kwa Selepe. Wanawake wote walioolewa pale wana taabu hiyo moja. Ukiwauliza mnakaa wapi, watakwambia, "Kule juu, ukishapita daraja." Ukiuliza kule juu wapi, wanaangalia pembeni.

'Malikopo ni mrefu, si mwepesi wa maneno, na akitembea mjini utadhani anahesabu hatua. Jumatatu mpaka Ijumaa anafanya kazi ofisi ya wilaya, chumba cha ramani, yeye na Ntate, yaani Bwana, Tefelo. Ijumaa jioni anapanda gari kurudi kule juu kwa mumewe Mokete, ambaye ni fundi wa kukata manyoya ya kondoo, na kwa binti yao, na kwa wakwe.

Kazi anaipenda. Ramani ya wilaya nzima imo ndani ya kompyuta, kila kijiji nukta moja, na ukitaka kijiji chochote hupotezi muda kukitafuta kwa macho kati ya milima. Unafungua kisanduku, unaandika jina, unabofya, na nukta yake inageuka manjano. Hiyo ndiyo kuchagua kwa jina. Kila asubuhi, kabla ya kazi, 'Malikopo huandika jina la kijiji alikozaliwa, kikawaka manjano kule kusini, akakitazama kidogo kama mtu anayemsalimia mama yake, halafu anakizima na kuanza siku.

Kijiji alikoolewa hakuwahi kukiwasha. Angekiandikaje?

Jumatano moja ya mwezi wa tano ikaja orodha kutoka makao makuu. Ilikuwa ya vijiji arobaini na kimoja vitakavyowekewa mabomba ya maji. Ofisi ya wilaya ilitakiwa kuvichagua kwenye ramani na kuwapelekea nukta zake kabla ya Ijumaa saa sita mchana, kwa sababu wachimbaji watakwenda pale nukta ilipo, siyo kwingine. Atakayechelewa, bajeti imefungwa, angoje miaka mitatu.

'Malikopo alipitisha kidole kwenye orodha. Namba kumi na tisa, kilikuwepo. Jina alilisoma kwa macho tu, midomo akaibana. Kijiji chao kinapata maji! Moyoni alimwona mama mkwe wake, 'M'e 'Mamokete, yaani Mama 'Mamokete, alivyoteleza juu ya barafu mwezi wa saba uliopita akitoka chemchemini na ndoo kichwani, akavunjika mkono, na ulipopona bado akarudi kwenye ndoo ileile.

"Mbona unacheka peke yako?" Tefelo akauliza. Tefelo ni kijana wa mjini, maneno mengi, kofia haivui hata ndani.

"Sicheki. Andika majina, nikusomee?"

"Usinisomee. Wewe ukisoma orodha unasoma kama mwenye kumsomea mgonjwa. Nitanakili mwenyewe."

Akanakili majina yote kwenye kisanduku, akabofya. Milima ikajaa nukta za manjano. Chini ya kioo pakaandikwa: vimechaguliwa arobaini na kimoja.

"Arobaini na moja kwa arobaini na moja!" Tefelo akapiga makofi. "Nani fundi hapa? Leo nakula nyama."

Lakini 'Malikopo alikuwa anaangalia bonde lao. Daraja analijua, na kona ya mto anaijua. Kule juu, ukishapita daraja, hapakuwa na manjano yoyote. Akashuka na macho, akavuka mto, akateremka mpaka mpakani mwa wilaya, na huko akaona nukta ya manjano mahali ambapo hapana watu. Yapo mabanda mawili ya wachunga kondoo, basi, na majira ya baridi hata hao wachunga wanashuka.

Jasho likamtoka, na ilikuwa baridi.

"Ntate Tefelo. Moja siyo."

"Ipi?"

"Ile pale chini."

"'M'e, mashine hii haijui ile pale. Inajua jina. Nitajie jina niitoe."

"Ile ya... ile ya kile cha kuni."

Tefelo akageuza kiti. "Cha kuni? Ha Kiberiti?"

"Siyo kiberiti."

"Ha Moshi?"

"Tefelo, acha. Kinachokata."

"Ha Msumeno? Ha Kisu? 'M'e, wilaya hii haina Ha Msumeno, labda uhamie ng'ambo." Akasita. Akamtazama kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka viatu, akaweka mkono mdomoni. "Aaa! Wewe umeolewa kwa Chifu Selepe!"

'Malikopo akainamisha uso. Si kwa hasira. Ni hivyo tu ukisikia jina lile limesemwa mbele yako.

"Samahani, 'm'e. Lakini Ha Selepe kwenye ramani ni hiyo hiyo moja, ya mpakani. Angalia. Nikiandika inawaka hiyo, nyingine hakuna. Kwa mujibu wa serikali huna ukweni. Umeolewa hewani."

'Malikopo alikuwa ameshakumbuka. Alichukua kipanya, akapeleka mshale juu ya daraja, akabofya ile nukta isiyowaka. Pakatokea jina lake: Ha Ratsale.

Ratsale maana yake baba mkwe. Kijiji kizima, chenye kaya sitini na tatu na makanisa mawili, serikalini kimeandikwa Kwa Baba Mkwe.

Ilikuwa hivi. Miaka tisa nyuma, bibi arusi wa miezi miwili, alipata kibarua cha kuzunguka vijijini na kifaa cha kupimia mahali. Ukifika kijijini unasimama katikati, unabonyeza, unaandika jina. Aliandika majina mia mbili na zaidi bila kosa; mpakani alikwenda mwingine. Alipofika kwao, akasimama karibu na zizi la chifu, mama mkwe yuko pembeni anamtazama, kidole kikagoma. Akaandika vile anavyosema nyumbani. Nitamwomba mtu abadilishe, alijiambia. Halafu wakamsifu kwa kazi safi, wakamwajiri, na lile jina likaingia kwenye ramani pamoja na mengine, likatulia humo kama panya ndani ya gunia la mtama.

Tefelo alikuwa anasoma kwa sauti. "Ha... Ratsale." Kwanza hakuelewa. Kisha alipoelewa alilala juu ya meza, kofia ikamdondoka.

"Mungu wangu! Mimi mwaka juzi nimemwandikia barua Chifu Ratsale! Mara tatu! Chanjo ya kondoo! Zikarudi posta, hajulikani. Nikasema chifu gani huyu mwenye kiburi!"

"Usicheke."

"Sicheki, 'm'e, nalia. Ni kitu kimoja."

Alipojifuta machozi akawa mtu wa kazi tena. Jina la kijiji halibadilishwi na karani, sheria ni hiyo. Linabadilishwa kwa barua ya chifu wa kijiji chenyewe, na sahihi, na muhuri. Na chifu ni nani?

"Nenda leo," Tefelo akasema, sasa bila mzaha. "Ijumaa saa sita wanafunga. Mabanda hayanywi maji ya bomba."

Akaondoka siku ileile. Njia nzima hakuogopa mkuu wa ofisi wala makao makuu. Aliogopa mtu mmoja. Utamwambiaje mzee kwamba jina la babu yake, wewe, mtoto wa watu uliyeletwa juzi, umelifuta kwenye ramani ya nchi? Na utamwambiaje bila kulitaja?

Alhamisi asubuhi mzee alikuwa nje anapasua kuni. Kwa kile kile cha kuni.

'Malikopo alijifunga blanketi mabegani kama mkamwana anavyopaswa, akaketi chini karibu na mama mkwe aliyekuwa akichambua mboga. Mkamwana mwenye adabu hamrukii baba mkwe na maneno. Anapitisha kwa mama mkwe, hata kama wote watatu wanasikiana.

"Mama, mwambie ntate nina jambo la ofisini."

'M'e 'Mamokete akainua kichwa. "Baba Mokete, mkweo ana jambo la ofisini."

"Nimemsikia. Yuko hapa."

"Mimi nafikisha tu."

"Mwambie kijiji kinapata maji," 'Malikopo akasema.

Mama mkwe akaachia mboga. Huo ujumbe haukufikishwa. Ulipigiwa vigelegele, kuku wakatawanyika.

"Ila, mama, ngoja. Maji yanakwenda kwingine. Kwa sababu kwenye ramani jina letu silo."

Shoka likabaki juu hewani. Likashuka polepole. "Silo vipi?" akauliza mzee, sasa moja kwa moja. "Jina la kijiji hiki ni moja. Ni lipi hilo lililoandikwa?"

Mama mkwe akawa na shughuli kubwa na jani moja la mboga.

"Ni mimi, mama. Mwaka ule wa kifaa. Niliandika... Ha Ratsale."

'M'e 'Mamokete akajifunika uso kwa blanketi, mabega yakawa yanatikisika. "Nilikuwepo!" ikasikika sauti ndani ya blanketi. "Nilikuwa nimesimama naye pale zizini! Nikasema moyoni, binti huyu kalelewa!"

"Ulijua?" mzee akamgeukia.

"Ulitaka nimfundishe aandike nini? Mimi mwenyewe jina lile sijaliweka mdomoni mwaka wa arobaini na mbili huu! Ni la baba yako mkubwa, ni la babu yako, ni lako. Mnapeana jina kama kanzu kuukuu, sisi wanawake tunakosa hata cha kupasulia kuni!"

Mzee akaketi juu ya gogo. Akaliweka shoka magotini, akalitazama kana kwamba ndiyo kwanza analiona. 'Malikopo alitazama ardhi. Palikuwa na sisimizi amebeba kibanzi kikubwa kuliko yeye, akamfuata kwa macho mpaka akapotea chini ya kuni.

"Ile chanjo ya kondoo," mzee akasema taratibu. "Mabonde yote walipata barua. Mimi sikupata. Nilidhani serikali imenidharau. Miaka miwili nimeinunia serikali." "Kumbe sikudharauliwa. Nimeheshimiwa mpaka nimefutika."

Kicheko kilimwanzia tumboni, kikapanda, kikamfikia kwenye masharubu, na kilipotoka jirani alichungulia juu ya ukuta kuuliza kuna nini. Mzee akamwambia. Jirani akaenda kumwambia mkewe. Kabla ya mboga kuiva kijiji kizima kilikuwa kinajua kwamba kinaitwa Kwa Baba Mkwe, na wanawake waliokuwa wanakwenda chemchemini wakawa wanaimba hilo jina njiani, kwa sababu kwa mara ya kwanza walikuwa na jina la kijiji wanaloweza kulitamka.

"Barua nitaandika," mzee akasema, "lakini naipeleka mwenyewe. Nataka kuiona hiyo mashine."

"Ntate, kesho saa sita..." 'Malikopo akajisahau, akasema naye ana kwa ana.

"Nitafika."

'Malikopo akatangulia kurudi mjini. Ijumaa saa tatu mzee hakufika. Saa nne hakufika. Saa tano Tefelo akaanza kuzunguka chumba, na 'Malikopo akawa amekaa mbele ya kompyuta hajisogezi, nukta arobaini zinawaka, ile ya mabanda ameizima, na juu ya daraja giza. Saa tano na nusu mlango ukafunguliwa. Mzee alikuwa amevaa blanketi lake la sikukuu, kofia ya majani yenye kishungi, muhuri kwapani ndani ya soksi, na mkononi mfuko wa makoenya, yale maandazi ya Kisotho, ya moto.

"Samahani vijana. Mke wangu alikataa nije na blanketi la kuchungia kondoo. Kasema mtu akienda kuwashwa avae vizuri."

Tefelo akaisoma barua. Ilikuwa na mistari minne. Mstari wa mwisho ulisema: jina hili jipya ni la zamani, lirudishwe, na hilo la zamani, ambalo ni jipya, lisifutwe.

"Lisifutwe, ntate?" Tefelo akauliza.

"Lisifutwe. Bomba likiharibika nani atakayewapigia simu? Sisi wanaume? Ni wao. Ukiwauliza bomba la wapi watakwambia kule juu ukipita daraja. Mtatengeneza mabomba ya wilaya nzima."

Tefelo akacheka, lakini akaona mzee hatanii. Akafungua jedwali. Kwenye safu ya jina akaweka la ukoo, na kwenye safu ya jina jingine, ambayo miaka yote ilikuwa tupu, akaweka Ha Ratsale. Kisha akafungua kile kisanduku.

"Hapa sasa unaandika jina, nukta inawaka. Niandike?"

"Jina langu naliandika mwenyewe. Nilifika darasa la tatu."

'Malikopo akasimama, akageukia ukutani, akaikodolea macho kalenda. Nyuma yake akasikia kidole kimoja kikitafuta herufi moja moja, mzee akipumua kama anapanda kilima. Halafu kubofya.

"Hakuna kilichoongezwa," Tefelo akasoma.

"Hakuna? Mbele yangu?" Mzee akaisogelea kompyuta, akaikagua juu na chini. "Niambieni ukweli. Hii mashine nayo imeolewa kwetu?"

Tefelo alicheka mpaka akakaa chini sakafuni. 'Malikopo, uso ukutani, alijiziba mdomo kwa kalenda.

"Herufi, ntate! Umeandika ndogo zote. Mashine haisamehe. Ile ya Ha na ile ya jina, zote ziwe kubwa."

"Kumbe ina adabu kuliko wewe. Inataka niandikwe kwa ukubwa." Kidole kikaanza upya. Kubofya.

"Zimewaka!" Tefelo akasema, kisha sauti ikashuka. "Mbili. Arobaini na mbili."

'Malikopo akageuka. Juu ya daraja palikuwa na manjano. Kwa mara ya kwanza. Lakini mpakani nako yale mabanda mawili yalikuwa yamewaka tena, maana na yenyewe yanaitwa hivyo hivyo. Saa ukutani ilisema sita kasoro dakika kumi. Mashine haijui yupi ni chifu na yupi ni banda, inajua jina tu, na jina ni moja.

Au siyo moja.

"Ntate Tefelo, nipishe."

Akaketi. Jina lililoandikwa na baba mkwe hakuligusa, hata macho hakuyaweka hapo. Alipeleka mshale mwisho wa mstari, akaongeza maneno yake mbele: na jina jingine liwe Ha Ratsale. Hilo aliliandika haraka, vidole vyote kumi, kama mtu anayeimba wimbo wa kwao.

Akabofya. Mabanda yakazimika. Juu ya daraja pakabaki panawaka.

"Arobaini na moja," Tefelo akasema kwa sauti ndogo.

Wakatuma. Saa sita kasoro dakika nne jibu likaja: zimepokelewa. Hapo ndipo 'Malikopo alipoachia pumzi, na chozi moja likamtoka likaanguka juu ya koenya alilokuwa amepewa, akalila hivyo hivyo na chumvi yake.

Mzee hakuwa na haraka ya kuondoka. Alivuta kiti, akavua kofia, akaitazama nukta yake kwa muda mrefu.

"Kwa hiyo bila jina alilonipa mkwe wangu," akasema, "maji yangekwenda kwa kondoo."

"Ndiyo, ntate," Tefelo akajibu.

Mzee akatikisa kichwa, akamega koenya. Akamgeukia 'Malikopo, naye bila kupitia kwa mtu.

"Mwanangu. Hebu nizime." Akatafuna. "Halafu niwashe tena."